Ziara ya Historia ya Maine: Tathmini ya Safari ya Basi kutoka Portland hadi Mto Sainte-Croix

Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika miji ya Portland na Lewiston, ambazo asili yake ni Kongo, Burundi na Rwanda, historia ya jimbo la Maine huingia nyumbani kupitia madaftari ya watoto. Mtoto hurudi na kazi ya shule kuhusu Wabanaki, wenyeji asilia wa nchi hii, kuhusu Champlain, mchora ramani wa Kifaransa, au kuhusu Mapatano ya Missouri ya mwaka 1820 juu ya utumwa, na mzazi, hata awe amesoma kiasi gani huko alikotoka, hukosa pa kuanzia. Ndiyo maana nimeona inafaa kuitathmini kwa kina ziara ya basi inayoendeshwa na kampuni moja ndogo ya utalii ya hapa jimboni, ambayo inaahidi kumtembeza msafiri katika historia yote, tangu wenyeji asilia na mabaharia wa Ulaya hadi Maine ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1820. Kwa maoni yangu, sehemu inayowahusu wenyeji na wageni wa kwanza inastahili kila senti inayolipwa, lakini sehemu inayohusu kuzaliwa kwa jimbo ni nyembamba mno, na wembamba huo umekuja pale hasa ambapo historia hii ilihitaji kuelezwa kwa subira.

Safari yenyewe ni mzunguko mmoja. Basi huondoka Portland na kufuata pwani kuelekea kaskazini mashariki kupitia Bath, Phippsburg, Damariscotta na Pemaquid, kisha hupanda hadi Bar Harbor na kufika Calais mpakani mwa Kanada, na hurudi kwa njia ya bara kupitia Old Town na Augusta. Bei inajumuisha usafiri, malazi na viingilio, isipokuwa chakula cha mchana. Maelezo hutolewa kwa Kiingereza tupu, lakini kampuni inaruhusu kikundi kuja na mkalimani wake na humpa mkalimani huyo kiti bila malipo, jambo ambalo lilitufaa sana kwa sababu kikundi chetu kilikuwa na wazee ambao wangekaa kimya safari nzima.

Ingawa basi hupita Bath kwanza, nitaanza na Damariscotta, kwa kuwa hapo ndipo thamani ya ziara hii inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Kando ya mto Damariscotta kuna eneo la historia linaloitwa Whaleback, lenye mabaki ya lundo kubwa la magamba ya chaza yaliyoachwa na watu waliokula na kukutana hapo kati ya miaka 2,200 na 1,000 iliyopita. Ukishuka kwa njia ya miguu hadi ukingoni unayaona magamba yenyewe, marefu na membamba kuliko ya chaza wanaouzwa sokoni leo, yamepangana tabaka juu ya tabaka katika udongo mweusi, na ng'ambo ya mto unaliona lundo jingine, la Glidden, jeupe kati ya miti. Mwongozaji wetu aliwaeleza watoto jambo ambalo sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri namna ile: udongo wa Maine una asidi nyingi, kwa hiyo mifupa na zana za mifupa huoza upesi ndani yake, lakini chokaa ya magamba huipunguza asidi hiyo, na ndiyo maana katika malundo haya wataalamu wa mambo ya kale wameweza kupata mabaki ambayo kwingineko yalikwisha kupotea. Hakuficha pia kwamba sehemu kubwa ya lundo la Whaleback haipo tena, kwa kuwa kati ya mwaka 1886 na 1891 kiwanda kilichojengwa hapo kiliyachimba magamba hayo na kuyasaga yawe chakula cha kuku. Kumbukumbu ya zaidi ya miaka elfu moja ilimalizwa kwa miaka mitano ya biashara, na ni vyema kwamba watoto wetu walielezwa hivyo bila kupakwa mafuta.

Mwongozaji huyo ana sifa moja ambayo ni nadra kwa watu wa kazi yake, nayo ni kwamba huwazungumzia Wabanaki kwa wakati uliopo. Wabanaki, watu wa nchi ya mapambazuko, wanajumuisha Penobscot, Passamaquoddy, Maliseet, Mi'kmaq na Abenaki, na mataifa manne ya kwanza yanatambuliwa na serikali ya Marekani ndani ya Maine hadi leo. Wazee wao wamekuwa wakiishi katika nchi hii tangu barafu kuu ilipoyeyuka na kurudi kaskazini, yapata miaka 12,000 iliyopita. Walisafiri kwa mitumbwi ya magome ya miti, myepesi kiasi cha kubebwa begani kutoka mto mmoja hadi mwingine, walivua pwani na kuwinda bara kulingana na majira, na upande wa kusini, kwenye mto Saco, Champlain aliyakuta mashamba yao ya mahindi, maharage na maboga mwaka 1605. Katika Makumbusho ya Abbe mjini Bar Harbor tulipewa muda wa kutosha, na hapo nilisimama mbele ya vikapu vilivyosukwa kwa vipande vyembamba vya mti wa ashi mweusi, ambao magogo yake hupigwa kwa nyundo mpaka tabaka za mbao ziachane zenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi yao, shujaa wao Gluskabe aliupiga mshale mti wa ashi na watu wa kwanza wakatoka ndani yake. Anayejua simulizi hiyo hukitazama kikapu kwa jicho tofauti, na mwongozaji alikuwa na hekima ya kuisimulia kabla hatujaingia ndani.

Kuhusu mabaharia wa Ulaya, ziara haikuanza na bendera na matanga kama vitabu vingi vya shule vinavyofanya. Ilianza na kutoaminiana. Giovanni da Verrazzano, Mwitalia aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa, alipofika pwani hii mwaka 1524 aliwakuta watu ambao hawakutaka asogee: walisimama juu ya majabali, wakateremsha bidhaa zao kwa kamba, wakakubali tu visu, ndoana na vyuma vyenye makali, na biashara ilipokwisha wakamwonyesha dharau waziwazi. Mwongozaji aliuliza watoto kwa nini watu wafanye hivyo kwa mgeni wasiyemjua, kisha akawaacha wafikie wenyewe kwamba yumkini walikwisha kuwajua wageni wa aina hiyo. Mwaka uliofuata Estevão Gomes, Mreno aliyeitumikia Hispania, alipita pwani hii, akaingia katika mto Penobscot, na katika safari hiyo akateka makumi ya watu wa pwani ya kaskazini na kuwapeleka Hispania. Msomaji aliyekulia kwenye historia ya Kilwa na Mombasa, miji iliyoporwa na meli za Ureno mwaka 1505, hatahitaji kuelezwa kwa nini mtu aliyeko ufukweni huyatazama matanga kwa hofu.

Phippsburg, kwenye mlango wa mto Kennebec, ni kituo kigumu kwa kampuni yoyote ya utalii kwa sababu hakuna kitu cha kuona. Hapo ndipo Waingereza wapatao mia moja waliposhuka mwezi Agosti 1607, miezi michache tu baada ya wenzao kufika Jamestown, koloni lao la upande wa kusini, wakajenga ngome waliyoiita Fort St. George. Wageni wengi huikosea kwa ngome kubwa ya mawe iliyo jirani, ambayo ni ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1860, na mwongozaji aliliondoa kosa hilo mapema. Ramani ya makazi ya 1607, iliyochorwa na John Hunt, ilifika mikononi mwa Wahispania, ikalala katika hifadhi ya Simancas hadi ilipogunduliwa mwaka 1888, na ndiyo iliyowaongoza wachimbaji wa miaka ya 1990 kuyapata mashimo ya nguzo za ghala mahali palepale palipoonyeshwa. Kiongozi wao, George Popham, alifariki Februari 1608, na msaidizi wake aliyechukua uongozi akapata habari za urithi uliomsubiri Uingereza, basi mwaka huohuo wote wakaondoka. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuunda meli iliyoitwa Virginia, yenye uzito wa tani 30 hivi, ya kwanza kuundwa na Waingereza katika Amerika ya Kaskazini. Nakala ya meli hiyo, iliyoundwa na wakazi wa Bath na kushushwa majini mwaka 2022, tuliiona asubuhi ile, na ukubwa wake mdogo uliwashangaza watoto kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Hapa kampuni ilifanya uamuzi mwingine mzuri, wa kuiunganisha Phippsburg na habari za mateka wa mwaka 1605. George Weymouth, nahodha Mwingereza, aliwavuta Wabanaki watano melini mwake, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, akawapeleka Uingereza, na baadhi yao wakakabidhiwa Sir Ferdinando Gorges, ambaye alijifunza kwao mito, bandari na majina ya watawala wa nchi aliyotamani kuikalia. Mmoja wao, Skicowaros, alirudishwa na meli za 1607 kwa matumaini kwamba angekuwa mjumbe wa Waingereza, lakini alipofika kwao aliwarudia ndugu zake. Mwongozaji aliyataja majina yote matano: Tahanedo, Skicowaros, Amoret, Maneddo na Saffacomoit. Nimekwisha kusoma maelezo mengi ambamo Weymouth ana jina, cheo na tabia, huku watu hao watano wakiwa idadi tu, kwa hiyo naihesabu dakika hiyo kuwa miongoni mwa zile zilizonifanya nione kwamba fedha yetu haikupotea.

Kwa maradhi ya 1616 hadi 1619 muda uliotolewa ulikuwa mfupi, ingawa maneno yaliyosemwa yalikuwa ya kweli. Maradhi hayo, ambayo yalifuata nyayo za wavuvi na wafanyabiashara wa Ulaya, yaliua sehemu kubwa ya watu wa pwani, vijiji vizima vikabaki bila mtu wa kuzika. Bila kuyaelewa, mtu hawezi kuelewa kwa nini walowezi waliofika baadaye waliandika kwamba wameikuta nchi tupu.

Pemaquid ni tofauti kabisa, kwa kuwa pale mawe yamebaki. Misingi ya nyumba za walowezi wa karne ya 17 na 18 imefukuliwa na kuachwa wazi kwenye majani, mashimo ya mraba yaliyojengewa kwa mawe, na juu ya bahari unasimama mnara uliojengwa upya mwaka 1908 mahali ilipokuwa Fort William Henry, ngome ya mwaka 1692 iliyobomolewa na Wafaransa pamoja na washirika wao Wabanaki mwaka 1696. Eneo hili ndilo alikotokea Samoset, aliyejifunza Kiingereza kwa wavuvi wa visiwa vya karibu, na ambaye mwezi Machi 1621 aliingia Plymouth, makazi ya Waingereza huko Massachusetts, na kuwasalimu walowezi kwa lugha yao wenyewe. Tulizunguka polepole, watoto wakaruhusiwa kuuliza wapendavyo, na makumbusho yaliyopo hapo yamepangwa vizuri kiasi cha kumtosheleza hata mtu asiyesoma Kiingereza, kwani vitu vyenyewe, vyungu, misumari na mabomba ya tumbaku, vinajieleza.

Kituo cha Red Beach, karibu na Calais, ndicho kilele cha ziara, nami ningekubali kusafiri umbali huo wote kwa ajili yake peke yake. Kisiwa cha Sainte-Croix kiko katikati ya mto unaoitenganisha Marekani na Kanada, na kwa kuwa ardhi yake ni dhaifu, wageni hushauriwa kubaki upande wa bara, ambako Idara ya Hifadhi za Taifa imetengeneza njia ya miguu yenye sanamu za shaba za watu wa pande zote mbili, Wafaransa na Wapassamaquoddy, na mwishoni kuna mfano wa shaba wa makazi yalivyokuwa, ukikitazama kisiwa chenyewe. Mwaka 1604 Pierre Dugua, aliyekuwa na kibali cha mfalme Henri wa Nne cha kuhodhi biashara ya manyoya, alikichagua kisiwa hiki kwa sababu kilikuwa rahisi kulindwa, na pamoja naye alikuwamo Samuel de Champlain, mchora ramani, ambaye Septemba ya mwaka huo alikipa jina kisiwa cha Mount Desert. Theluji ilianguka mapema mwezi Oktoba. Mto ukajaa mabonge ya barafu yaliyosukumwa huku na huko na maji kujaa na kupwa, ambayo hapo hupanda na kushuka kwa takriban mita 6, hata ikawa hatari kuvuka kwenda bara kutafuta kuni, maji ya kunywa na nyama. Kati ya wanaume 79 waliobaki kisiwani, 35 walikufa kwa kiseyeye kabla ya majira ya kuchipua, na waliosalia walipata nafuu pale Wapassamaquoddy walipofika na nyama ya mawindo kwa ajili ya kubadilishana. Katika kiangazi cha 1605 walihamia Port Royal, ng'ambo ya ghuba, katika nchi ambayo leo ni Nova Scotia.

Ukisimama hapo mwisho wa njia, kisiwa kinaonekana kidogo na karibu kiasi kwamba huwezi kuamini watu walikufa humo huku wakiuona ufuko. Mwongozaji hakuongeza neno lolote kwa muda, akatuachia nafasi ya kutazama, kisha akaeleza jinsi kisiwa hicho kilivyorudi katika historia mwaka 1797, wakati misingi ya nyumba za Wafaransa ilipochimbuliwa ili kuthibitisha ni mto upi uliokuwa Sainte-Croix halisi, na hivyo kuamua mpaka wa Marekani na milki ya Uingereza upite wapi. Mpaka wa dola mbili uliamuliwa kwa mawe ya kambi iliyoshindwa, na mpaka huohuo ukaigawa nchi ya Wapassamaquoddy, ambao hawakuitwa kwenye meza.

Kuna jambo moja ambalo ningeomba kampuni iliongeze hapa, hasa inapowabeba wasafiri wenye asili ya Afrika. Mwaka 1608 Dugua huyohuyo aliingia mkataba na Mathieu da Costa, Mwafrika huru aliyekuwa mkalimani, ili amtumikie katika shughuli zake za ng'ambo. Kwamba tajiri wa Kifaransa alikuwa tayari kumlipa Mwafrika mshahara kwa sababu ya ujuzi wake wa lugha ni habari ambayo mtoto wa Kikongo anayewatafsiria wazazi wake hospitalini na benki hapa Portland angeibeba moyoni kwa miaka mingi.

Kuanzia Calais kurudi magharibi, ubora wa huduma ulipungua. Njia hiyo ni ndefu, inapita msituni, na ingefaa kabisa kwa kueleza vita vilivyotikisa Maine kuanzia 1675 hadi kuanguka kwa utawala wa Ufaransa katika Kanada, lakini kipaza sauti kilizimwa na abiria wakaachwa walale. Matokeo yake ni kwamba kikundi kilifika Old Town, kwenye nchi ya Wapenobscot, bila kusikia habari za Norridgewock, kijiji cha bara ambacho mwaka 1724 kilivamiwa na askari wa Massachusetts, wakamuua kasisi Mjesuiti Sébastien Râle pamoja na wenyeji wengi; miswada ya kamusi ya Kiabenaki aliyokuwa ameiandika, iliyochukuliwa katika uvamizi wa awali, hatimaye iliwekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Hatukusikia pia habari za tangazo la tarehe 3 Novemba 1755, ambalo Spencer Phips, naibu gavana wa Massachusetts, alitangaza zawadi ya pauni 40 kwa ngozi ya kichwa cha mwanamume Mpenobscot na pauni 20 kwa ya mwanamke au ya mvulana chini ya miaka 12. Ni mambo mazito kuyasikia, na ninaelewa kusita kwa mtu anayewaongoza watoto, lakini mtu hawezi kuingia katika nchi ya Wapenobscot na kuitazama kwa haki kama hajui kwamba serikali iliyotawala Maine iliwahi kuweka bei kwa vichwa vyao.

Augusta, mji mkuu, ulipewa saa chache za mwisho. Tuliingia Old Fort Western, jengo la mwaka 1754 ambalo ni ngome kongwe kuliko zote za mbao zilizobaki nchini Marekani, na ambamo Benedict Arnold, kamanda wa wanamapinduzi wa Marekani, alipitia mwaka 1775 akielekea Quebec. Ni mahali pazuri, wenyeji wake wanajua kazi yao, na chumba cha duka la biashara kinaonyesha vizuri maisha ya mtoni. Baada ya hapo basi lilizunguka nje ya jengo la bunge la jimbo, lililokamilika mwaka 1832, tukapiga picha kupitia madirisha, na historia ya kupata hadhi ya jimbo ikaelezwa kwa sentensi chache: kwamba Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts, kwamba watu wake walitaka kujitawala, na kwamba mwaka 1820 walikubaliwa kuwa jimbo la 23. Hakuna uongo katika maelezo hayo, lakini ndani yake hamna sababu hata moja, na mzazi aliyelipa ili apate kumsaidia mtoto na somo hili anabaki palepale alipokuwa.

Sababu zenyewe si ngumu kueleza. Massachusetts ilianza kuyachukua makazi ya Maine katika miaka ya 1650, na mwaka 1677 ikanunua madai ya warithi wa Gorges kwa pauni 1,250, kwa hiyo kwa karibu karne moja na nusu watu wa Maine walitawaliwa kutoka Boston, mji ambao haukupakana nao hata kwa ardhi, kwani New Hampshire iko katikati. Baada ya mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza, ambamo Falmouth, yaani Portland ya leo, ilichomwa na manowari za Uingereza tarehe 18 Oktoba 1775, walowezi wa bara walianza kudai utengano, nao wafanyabiashara wa pwani wakaupinga kwa sababu ya sheria ya meli. Sheria hiyo ya mwaka 1789 ilizilazimu meli kujiandikisha kwenye forodha za kila jimbo lisilopakana na la kwao, na kama sehemu ya Massachusetts, meli za Maine zilipita bila usumbufu hadi New York. Mambo mawili yaligeuza mawazo yao. Mwaka 1814 Waingereza waliikalia sehemu yote ya mashariki ya Maine, na serikali ya Boston haikufanya la maana kuikomboa. Kisha mwaka 1819 bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya meli, kwa msaada wa seneta Rufus King, ambaye alikuwa ndugu wa baba mmoja na William King, kiongozi wa harakati za utengano na baadaye gavana wa kwanza. Mwaka 1816 wapiganiaji wa utengano walikuwa wameshindwa kufikisha sehemu tano kati ya tisa za kura zilizotakiwa, na mkutano wao wa Brunswick ukajaribu kuihesabu upya kura hiyo kwa namna ambayo bunge la Massachusetts liliikataa. Mwezi Julai 1819 hapakuwa na haja ya hila yoyote: kura 17,091 zilitaka utengano na 7,132 zikaukataa.

Ndipo suala la utumwa likaingia. Missouri ilikuwa imeomba kuingia kama jimbo lenye utumwa, na maseneta wa kusini wakakataa kuiruhusu Maine, isiyo na utumwa, mpaka Missouri nayo ikubaliwe. Massachusetts ilikuwa imetoa ridhaa yenye kikomo, tarehe 4 Machi 1820, na muda ulipokaribia kwisha, wawakilishi waliotoka Maine walilazimika kuchagua kati ya jimbo lao na dhamiri yao. Watano kati ya saba walipiga kura dhidi ya Mapatano ya Missouri, ambayo yaliikubali Maine bila utumwa na Missouri ikiwa na utumwa. Walijua kwamba kura hiyo ingeweza kuwanyima kile ambacho wapigakura wao walikuwa wamekitafuta tangu 1792, na bado wakaipiga. Mapatano yakapita hata hivyo, Maine ikaingia tarehe 15 Machi 1820, Missouri mwaka uliofuata, na Thomas Jefferson, rais wa zamani, akamwandikia John Holmes, mmoja wa wale wawili waliounga mkono, kwamba suala hilo limemwamsha kwa hofu kama kengele ya moto usiku. Haya yote yangeweza kuelezwa mbele ya jengo la bunge kwa nusu saa, na naamini watoto wangesikiliza, kwa sababu ni habari ya watu waliokuwa na jambo la kuamua.

Katiba iliyoandikwa Portland mwezi Oktoba 1819 ingestahili nusu saa nyingine. Iliwapa haki ya kupiga kura wanaume raia wenye umri wa miaka 21 au zaidi bila kutaja rangi, kwa hiyo wanaume weusi wa Maine walipiga kura wakati majimbo mengi yaliwazuia, lakini iliwatoa wenyeji asilia wasiolipa kodi, na watu wa maeneo ya Wabanaki hawakuweza kupiga kura za jimbo hadi 1967. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 10, ililibebesha jimbo jipya wajibu wa Massachusetts kwa Wabanaki chini ya mikataba yao, kisha marekebisho ya mwaka 1875 yakaamuru kwamba kifungu hicho kisichapishwe tena ingawa kiliendelea kuwa na nguvu ya sheria. Wapigakura waliamua mwezi Novemba 2023 kwamba kichapishwe upya. Kampuni inayojali kuwazungumzia Wabanaki kwa wakati uliopo huko Damariscotta ingekuwa na kila sababu ya kuisoma ibara hii kwa sauti huko Augusta.

Kwa upande wa huduma za kawaida, basi ni safi na lina joto la kutosha, dereva ni mwangalifu, na vituo vya haja havikuwa mbali mbali. Watoto walio chini ya miaka 9 watachoka kati ya Bar Harbor na Calais, ila waliofikia darasa la tano na kuendelea watafaidika sana. Vituo kadhaa, vikiwemo makumbusho ya Pemaquid na kituo cha walinzi wa hifadhi cha Red Beach, hufanya kazi kwa msimu tu, hivyo mwenye nia achague kati ya Juni na Septemba na aulize kabla ya kulipa kama vyote viko wazi. Kijitabu kinachogawiwa maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na ramani iliyomo inaonyesha mipaka ya leo bila majina ya Kiwabanaki ya mito. Nimewaandikia wenye kampuni nikiwaomba mambo mawili: siku kamili kwa ajili ya Augusta, hata kama itabidi bei iongezeke, na kipaza sauti kisizimwe kwenye njia ya kutoka Calais. Wamejibu kwamba la pili litafanyika msimu ujao na kwamba la kwanza wanalitafakari, na hadi watakapoamua, ninawashauri wazazi waende, wafaidi pwani yote, na siku ya Augusta waipange wenyewe kwa gari lao, kwa kuwa kutoka Portland ni mwendo wa saa moja tu.